Laini Ilivunjwa, Deni Likabaki

Mama Mkate alikuwa akikanda unga. Oveni yake na mumewe ilikuwa imeungua, nao walikuwa wakioka kwa oveni ya kuazima. Mwenye oveni hiyo alishaanza kuidai.

"Mke wangu, kesho nenda benki ukakope," mumewe alisema. "Biashara ina jina lako."

"Mbona haraka?"

"Haraka? Au tuoke juani?"

Mama Mkate hakucheka. Zamani alikopa kwa simu bila kumwambia mumewe, akashindwa kulipa. Vitisho vilipozidi, aliivunja laini ya simu akaitupa chooni. Aliamini deni limekwenda nayo. Lakini tangu wiki iliyotangulia, wakopeshaji walikuwa wakimpigia kwenye laini mpya.

Alikimbilia kwa jirani, karani wa chama cha akiba na mikopo.

"Dada, wakopeshaji wa simu watanifunga!"

"Kaa kwanza, mdogo wangu. Nani kakwambia watakufunga?"

"Laini niliivunja. Wamenipataje?"

"Ulivunja laini, kitambulisho je? Deni linafuata kitambulisho. Benki wakiangalia, wataona alama zako za ulipaji mikopo ziko chini."

"Basi nimekwisha."

"Hujaisha. Omba taarifa yako kwa kampuni inayotunza rekodi za mikopo, uisome yote. Ukiona kosa, lalamika kwa maandishi. Deni lililo lako, ongea nao mpange kulipa kidogo kidogo. Ukimaliza, dai barua ya kuthibitisha umelipa. Na usiombe mikopo huku na huku, maombi yote yanaonekana."

"Alama zitapanda?"

"Polepole, ukilipa kwa tarehe. Ila mumeo mwambie leo."

Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Alimweleza mumewe huku akitazama sakafu.

"Kumbe zile simu usizopokea ni deni?" mumewe alisema. "Mimi nilidhani una mwanamume. Niliogopa kuuliza."

Waliahirisha kwenda benki. Walimwomba mwenye oveni awakodishie kwa saa za alfajiri tu. Walioka mikate michache, wakalipa deni hadi likaisha. Barua ilipotoka, walikopa kidogo kwenye chama cha yule jirani, wakalipa kila tarehe bila kukosa.

Mwaka uliofuata, Mama Mkate aliketi mbele ya ofisa wa benki.

"Umewahi kushindwa kulipa mkopo?"

Alitamani kukana.

"Ndiyo," alisema. "Kisha nikaulipa."

Ofisa alisoma kompyuta yake.

"Naona hapa," alisema, akamsogezea kalamu. "Oveni ya ukubwa gani?"