Ruta Iliyozimika na Radhi ya Jirani

Kila Jumamosi asubuhi nyumba ya mama mmoja na binti yake iliamshwa na sauti mbili. Ya kwanza ilikuwa ya ufagio wa mama uani. Ya pili ilikuwa ya mashine ya kuchomelea vyuma ya jirani yao, Fundi Cheche, ambaye karakana yake ilipakana na ukuta wa jikoni. Mashine iliponguruma, balbu ya sebuleni ilififia kidogo kisha ikarudia mwanga wake. Walikuwa wameizoea kama mtu anavyozoea kukoroma kwa nduguye.

Binti wa nyumba hiyo alikuwa na miaka kumi na mitatu. Nyumbani walimwita Kidole, kwa sababu tangu alipoanza kutambaa hakuna kitufe alichokiona asikibonyeze. Siku moja aliibadilisha simu ya mama ikawa inaandika kwa lugha ambayo hakuna mtu mtaani aliyeweza kuisoma. Ilichukua siku mbili kuirudisha. Mama alicheka tu akasema, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nitamlaumu nani?"

Mama alikuwa mkalimani wa lugha ya alama, na kazi yake aliifanyia sebuleni. Kwenye kona kulikuwa na kompyuta yake, taa ndogo ya kumulika mikono, na ukuta uliopakwa buluu iliyokolea ili vidole vyake vionekane vizuri. Kiziwi akienda hospitali, muuguzi humpigia mama kwa video. Mama husikiliza maneno ya daktari na kumweleza mgonjwa kwa mikono. Kisha hutazama mikono ya mgonjwa na kumweleza daktari kwa sauti. Picha ikiganda hata kidogo, neno zima hupotea.

Ndiyo maana ruta, kile kisanduku cheusi chenye antena mbili kinachosambaza intaneti nyumbani, ilitunzwa kama mboni ya jicho. Likizo iliyopita mjomba wake Kidole, ambaye kazi yake ni kufunga mitandao maofisini, aliiondoa programu ya kiwandani iliyoiendesha ruta hiyo, akaweka programu huria. Kidole alikaa kando yake mwanzo hadi mwisho.

"Kiwanda kimeacha kuishughulikia ruta hii," mjomba alimweleza. "Programu yake imezeeka, ina matundu ambayo wezi wa mtandaoni wanaweza kupita. Hii ninayoiweka imeandikwa na watu wanaojitolea. Yeyote anaruhusiwa kuisoma, kuirekebisha na kuitumia. Tena tunaweza kuiamuru iitangulize kompyuta ya mama yako, ili picha zake zisigande."

"Na likitoka toleo jipya?"

"Tutaisasisha. Ila ukiliona, niite kwanza. Faili lazima lilingane na ruta yenyewe, mipangilio yote inakiliwa kabla ya kuanza, na kazi hiyo hufanywa kwa waya. Ukikosea unabaki na tofali lenye antena."

Kidole aliitikia. Shuleni, hata hivyo, aliwasimulia wenzake kana kwamba mjomba ndiye aliyekuwa akimshikia waya.

Jumamosi moja, saa tatu asubuhi, mama alitoka kwenda sokoni. Kazi yake ingeanza saa nne. Kidole alifungua ukurasa wa ruta kwenye kompyuta na kuona kwamba toleo jipya limetoka. Alijiona akimtumia mjomba ujumbe: Mwanafunzi kampita mwalimu. Akatafuta jina la ruta yao kwenye orodha ya mafaili, akaona linalofanana, akalipakua. Hakutafuta waya. Hakunakili mipangilio.

Ruta yenyewe ilimwonya. Maandishi mekundu yalitokea: Faili hili halilingani na kifaa hiki. Chini yake palikuwa na kisanduku cha kuweka alama kwa anayetaka kulazimisha. Kidole akafikiri, mashine nazo huwa na woga wao. Akaweka alama, akabonyeza.

Taa za ruta zilizimika zote. Kisha moja ikaanza kupepesa polepole, ikaendelea hivyo hivyo. Dakika tano. Dakika kumi. Aliichomoa kwenye umeme na kuichomeka tena. Ikapepesa.

Mama aliporudi, aliweka kapu chini na kukaa kwenye kona yake. "Mbona hakuna mtandao? Na hii taa ina nini?"

Wakati huohuo mashine ya jirani ilinguruma, na balbu ikafifia.

"Ni umeme wa Fundi Cheche?" mama akauliza.

Swali lile lilikuwa kama mlango uliofunguliwa na mtu mwingine. Kidole akapita. "Labda, mama. Balbu ilififia, halafu ruta ikawa hivyo."

Hakusema zaidi, na mama hakuuliza zaidi, kwa kuwa simu ilikuwa inaita. Alijaribu kufanya kazi kwa simu yake. Kidole aliona kwenye kioo kidogo cha simu uso wa mwanamke aliyelala kitandani, mikono yake ikienda na kukwama, ikienda na kukwama. Mama alirudia alama ileile mara nne. Mwishowe akamwambia muuguzi, "Siwezi kukisia maneno ya mgonjwa. Nakuja mwenyewe." Hospitali ilikuwa upande wa pili wa mji, safari ya karibu saa mbili.

Alipita karakana akiwa bado anafunga mtandio. Kidole, dirishani, alisikia kila neno.

"Fundi, kila mashine yako ikinguruma umeme wangu unafifia! Leo imeniunguzia ruta, na nina mgonjwa ananisubiri!"

Fundi Cheche aliivua kofia yake ya kujikinga macho. Alikuwa mtu mkubwa mwenye mikono iliyojaa makovu madogo ya moto. Alisimama kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa.

"Nisamehe sana, jirani. Sikujua kama inafika huko. Naizima sasa hivi, wala siiwashi mpaka waya zikaguliwe."

Akaizima. Mama akaondoka mbio. Mtaa ukawa kimya, na kimya kile kilimwelemea Kidole kuliko kelele zote za Jumamosi.

Aliigeuza ruta. Chini yake palikuwa na karatasi ndogo ya kiwandani, yenye jina la ruta na namba, na kwenye ukingo, kwa herufi ndogo: toleo la 3. Faili alilolipakua lilikuwa la ruta ya toleo la 2. Majina yalifanana kama mapacha, lakini vifaa vya ndani ni tofauti. Alihisi uso unamwaka. Ingawa hakuna aliyekuwa akimwona, aliufunika kwa viganja.

Alijaribu kufagia. Alijaribu kufungua daftari la hesabu. Kila alipoinua macho alimwona Fundi Cheche juu ya ngazi, akikagua waya ambazo hazikuwa na kosa lolote. Saa saba gari la mizigo likasimama nje ya karakana, na mama mmoja mfuga kuku akashuka.

"Fundi, geti langu liko wapi? Uliniahidi saa saba!"

"Bado upande mmoja, mama. Nimezima mashine. Imemharibia jirani yangu kifaa chake cha kazi."

"Na kuku wangu nitawalinda kwa kitu gani leo? Kwa kuimba? Usiku wa juzi mbwa wamekula sita!"

"Nisamehe, mama. Kosa ni langu."

Kosa ni langu. Kidole aliyasikia maneno yale yakitoka kwenye mdomo usiostahili kuyasema. Gari likageuza na kuondoka tupu. Fundi Cheche akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kofia yake magotini, akitazama geti lenye upande mmoja.

Kidole akatoka, akaenda karakanani.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Mama amefika salama?"

Hilo ndilo lililomvunja. Alianza kulia kabla hajasema lolote, na maneno yakatoka yamelowa. "Si mashine yako, fundi. Ni mimi. Niliweka programu isiyo yake. Ruta ilinikataza nikailazimisha. Halafu mama akakudhania wewe, na mimi nikanyamaza."

Fundi Cheche aliiweka kofia yake chini. Kidole alitamani agombe. Angegomba, aibu ingepata pa kutokea.

"Nimeomba radhi mara mbili leo," fundi alisema taratibu. "Na tangu asubuhi najiuliza, je, ningewasababishia moto mkiwa mmelala?" Akapangusa mikono kwa tambara. "Nani anaweza kuitengeneza?"

"Mjomba. Lakini sina simu."

Alitoa yake mfukoni na kumpa. "Mpigie. Usimpunguzie hata neno moja."

"Basi washa mashine, fundi. Umalize geti."

"Hapana. Mama yako ameniona nikizima. Akirudi aikute inanguruma, atasema jirani yake hana adabu. Kwanza ajue yeye."

Mjomba alifika baada ya saa moja, na begi la waya begani. Alimsikiliza Kidole mpaka mwisho, akaigeuza ruta na kuisoma ile karatasi.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," alisema. "Wewe ulikitaka umesimama wima." Lakini hakucheka, na Kidole naye hakuweza. "Kaa hapa. Utaitengeneza kwa mikono yako. Mimi nitakuwa mdomo tu."

Kidole aliunganisha ruta na kompyuta ya mjomba kwa waya. Ruta nyingi, mjomba alieleza, zina mlango wa dharura: hata programu ikiharibika, kipande kidogo cha ndani hubaki hai kikisubiri faili sahihi. Kidole alibonyeza kwa pini kitufe kilichofichwa ndani ya kitundu cha nyuma, akachomeka umeme bila kuachia, akahesabu mpaka kumi. Taa ikaanza kupepesa haraka haraka.

"Sasa faili. Lisome jina lake kwa sauti."

Alisoma jina, namba, na toleo la 3. Mjomba akamwambia arudie huku akiitazama karatasi ya chini ya ruta. Akarudia. Ndipo walipolituma. Walingoja bila kugusa kitu. Taa ya kwanza ikawaka, ya pili, kisha zote. Mjomba alirudisha mipangilio kutoka kwenye nakala aliyokuwa ameihifadhi tangu likizo, na kompyuta ya mama ikapata mtandao.

Mama aliingia saa kumi, viatu vimejaa vumbi. Alipoona taa za ruta zimewaka alishusha pumzi. "Alhamdulillahi! Mdogo wangu, umetuokoa. Kumbe umeme wa Cheche haukuiua kabisa."

Mjomba aliendelea kukunja waya zake. Alimtazama Kidole, akatazama sakafu.

Ingekuwa rahisi. Ruta ilikuwa nzima, na mama alikuwa anatabasamu. Kidole alisimama.

"Mama, Fundi Cheche hakufanya kitu. Ni mimi niliyeiharibu ruta. Nimekudanganya."

Alieleza yote, macho yakiwa kwenye vumbi la viatu vya mama. Alipomaliza, mama alikaa. Hakupaza sauti.

"Yule mgonjwa ni mjamzito," alisema. "Walikuwa wanamwandaa kwa upasuaji, na kwa saa mbili hakuna aliyeweza kumweleza kwa nini. Nilipoingia alikuwa akifanya alama moja tu." Mama aliinua mkono na kuifanya, tena na tena. "Maana yake ni: Kwa nini? Kwa nini? Kwa nini?"

Kidole alishindwa kuutazama mkono ule. "Yuko salama?"

"Yuko salama, na mtoto wake. Lakini zile saa mbili hakuna wa kumrudishia." Mama akainuka. "Twende kwa jirani. Si wewe peke yako mwenye deni la radhi. Mimi nilimfokea mtu bila kuuliza mara mbili."

Karakanani, mama alimshika Fundi Cheche mkono kwa mikono yake yote miwili. "Fundi, nimekuvunjia heshima mbele ya mtaa. Nisamehe."

"Yamekwisha, jirani," alijibu fundi, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu. "Sasa naweza kupiga kelele?"

Mashine ikanguruma. Mjomba alishika upande mmoja wa geti, Kidole akapiga msasa kingo, na kabla jua halijazama walilipeleka kwa mfuga kuku kwa mkokoteni. Hapo Kidole alisema kwa mara ya nne yale aliyokwisha kuyasema mara tatu: kwamba geti lilichelewa kwa sababu yake. Mara ya nne haikuwa nyepesi. Yule mama alisema tu, "Shika hapa, tulifunge kabla mbwa hawajaamka."

Walipokuwa wakirudi, mama alimpunguzia mwendo ili waende sambamba.

"Mwanangu, kuharibu ruta nimekusamehe leo hii. Anayejifunza hukosea, na mjomba wako ataendelea kukufundisha, ila utamwita kabla ya kubonyeza. Lakini sikiliza. Uliponyamaza, ulilichukua jina zuri la mtu ukalifanya tambara la kufutia uchafu wako. Ruta tumeifufua kwa saa moja. Jina la mtu likichafuka, kuna mitaa huchukua miaka. Mficha maradhi, kilio humfichua. Na ukificha kosa, usifikiri halimuumizi mtu. Linamuumiza yule aliye karibu, tena mara nyingi ndiye asiye na hatia. Ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado dogo na likiwa bado lako."

"Nimesikia, mama," alisema Kidole. Aibu ilikuwa bado ipo kifuani, lakini sasa aliweza kuinua uso na kuendelea kutembea nayo.