Mizizi Chini ya Ukuta

Nilibakiwa na chupa moja tu ya kupeleka jioni ile, na tumbo lilikuwa limeshaanza kunitukana.

Tumbo langu si la kutukanwa hivi hivi. Limetoka Bukavu likapita Kigoma, Lusaka, Maputo, likafukuzwa na askari wa kila lugha, na halikupungua hata kidogo. Siku hizi linakaa nyuma ya usukani wa gari la duka la divai huku kusini, mtaa wa Morningside. Nabeba vinywaji vya watu wakubwa. Mimi mwenyewe nakunywa Fanta.

Hardy, Mkongo mwenzangu anayesimamia duka, alinikabidhi ile chupa kwa mikono miwili, kama mtoto mchanga.

"Ya Pontien, kaka yangu, pole pole na hii. Imetoka Hispania. Mizabibu yake imepita miaka mia, inazaa kidogo sana. Chupa ni chache, kila moja imeandikwa nambari kwa mkono. Hii ndiyo ya mwisho."

"Mikongwe hivyo na bado inazaa? Basi hata mimi nisikate tamaa."

Alicheka. "Wewe huna mizizi, mzee. Siri ni mizizi. Ile inashuka mbali, inapita chini ya mawe, chini ya kuta, inatafuta cha kunywa popote."

Chini ya kuta...

Sikucheka tena. Nilijua chupa inakwenda kwa nani.

Mama Joséphine anasuka nywele mjini na anakaa South Beach, kando ya bahari, ghorofa ya juu kabisa. Mumewe, Léonard, alikuwa mtu wa mtaa wetu kule Bukavu, ndiyo maana mama huyu ananiita shemeji. Léonard alitangulia Ulaya kutafuta maisha, akapata kazi ya kupogoa mizabibu kwenye kilima kimoja cha Hispania. Kila jioni alimpigia mkewe simu huku mkasi ukifanya kazi. Kwachu... kwachu... Joséphine alikuwa akituigizia mlio huo saluni, sote tunacheka.

Halafu joto la mavuno likamwangusha Léonard katikati ya shamba. Walimzika huko huko, makaburi yaliyopakana na mizabibu. Ukuta mmoja tu kati yao. Joséphine aliomba viza ya kwenda kuzika. Akanyimwa.

Kwetu, mtu akizikwa mbali, unaletwa udongo wa kaburi lake. Kinywaji kinamwagwa juu yake, nje ya nyumba, marehemu anywe wa kwanza, aambiwe nenda salama, usigeuke nyuma. Ndipo mjane anavuliwa nguo nyeusi. Udongo wa Léonard haukuja. Joséphine akabaki na nyeusi yake mpaka ikageuka rangi ya majivu.

Mwishowe akaniambia, "Shemeji, kama udongo hauji, unitafutie divai ya kilima kile. Ya mavuno yaliyofuata kifo chake."

Ndiyo hiyo niliyoibeba. Tulipatana nimsaidie kuimwaga jioni ile kwenye majani ya kule chini, ng'ambo ya barabara. Kesho yake watu wa kwetu wangekuja kumvua nyeusi.

Jua lilikuwa linazama nilipofika. Lifti imekufa, kama kawaida yake. Nilipanda ngazi nikihema hata nikamtisha paka wa watu.

Joséphine alifungua mlango kabla sijabisha. Chumba kilikuwa kimefagiliwa, kitanda kimetandikwa shuka mpya. Mezani ziko sahani mbili.

"Karibu shemeji. Eish, unahema!"

"Ni tumbo linahema. Mimi niko sawa. Tushuke, giza lisitukute."

"Ifungue kwanza. Mimi sina kizibuo."

Nilizibua. Kizibo kilitoka taratibu, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyebana pumzi siku nyingi.

Nikanusa.

Haikuwa harufu ya zabibu. Ilikuwa vumbi lililopigwa na jua. Jasho la shati la kazi. Na nyuma ya hayo yote, ile sabuni ya mawese tuliyoogea utotoni, ambayo Léonard alisafiri nayo mche mzima.

Joséphine alishika meza.

"Ni yeye," alinong'ona.

"Tushuke, mama."

Hakushuka. Alijaza glasi, akaenda mlangoni, akapiga magoti. Akamwaga divai kwenye kizingiti. Upande wa ndani.

"Joséphine! Si ndani! Unamwaga ndani, utamwita!"

Nilidhani majonzi yamemchanganya. Nilimshika bega. Akainua uso, na macho yake yalikuwa makavu, yametulia kabisa.

"Najua pahali pa kumwagia, shemeji."

Kisha akaita, polepole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. "Léonard... Ingia, baba. Chakula iko tayari."

Akaweka glasi chini, akasikiliza.

Hata bahari ilinyamaza.

Halafu, chini kabisa kwenye ngazi...

Kwachu.

Nikajiambia ni mlango wa jirani.

Kwachu... kwachu...

Ghorofa baada ya ghorofa. Bila haraka, kama mtu anayepogoa mistari ya shamba, anasimama, anakata, anasogea. Taa ya korido ikafifia. Mimi niliyefukuzwa na majeshi nilijificha nyuma ya frigo, na frigo haikutosha.

Mlio ukasimama mlangoni.

"Shemeji," Joséphine alisema bila kugeuka, "asante. Sasa utuache."

Akafungua.

Nilitoka nyuma ya frigo; korido ilikuwa tupu. Lakini kitu kilinipita ubavuni, chenye joto la adhuhuri, na pale kizingitini divai ilizama sakafuni, ikanywewa yote. Nikashuka ngazi mbio. Nyuma yangu nilimsikia akicheka, kicheko chake cha zamani, cha saluni.

Kesho yake watu wa kwetu walimkuta amevaa kitenge cha maua. Aliwashukuru, akawarudisha. Nilifurahi kidogo, nisiseme uongo.

Sasa anakonda. Wenzake wa saluni wanasema zile nywele zake ndefu zimekatwa ovyo, fupi, karibu na ngozi. Kila jioni anamwaga tone moja kizingitini.

Jana alinipigia simu jua likizama.

"Shemeji, imebaki kidogo sana. Nitafutie nyingine."

"Hakuna nyingine, mama. Duniani hakuna. Nipe hiyo iliyobaki. Nitaimwaga majanini, nimwambie aende salama. Nakuomba."

Nyuma ya sauti yake nilisikia. Karibu sana na simu.

Kwachu... kwachu...

"Anakata nini humo ndani, Joséphine?"

"Ananipunguza tu. Anasema mzabibu mkongwe ukikatwa sana ndiyo unatoa tamu." Alivuta pumzi, kama mtu aliyechomwa kidogo na kuvumilia. "Ukimwambia aende, shemeji, mimi nibaki na nani?"

Kila nchi niliyopita nilikuwa na mzaha wa kutokea nao. Nilitafuta mmoja wa kumjibu.

Akangoja.

Kwachu.