Kufuli la Tejiri

Mtambo ulikuwa umezimwa kwa matengenezo, na kituo cha umeme kilikuwa kimya hata kuku wa kijijini, ng'ambo ya uzio, walisikika. Umukoro, mkuu wa zamu, alisimama penye bomba la gesi. Hapo kila anayeingia ndani ya mtambo hutundika kufuli lenye jina lake kwenye valvu inayofungulia gesi. Gesi haipiti mpaka kila mtu atoke na kufungua la kwake.

Mdogo wake, Tejiri, alitundika lake akaingia. Hakupiga goti wala kusema "migwo", salamu ya heshima ambayo Murhobo, mtu wa kabila lao huko Nijeria, hamnyimi mkubwa wake. Jana yake walikuwa wamegombana. Umukoro aliona ni kinyongo, akamwacha apite.

Adhuhuri mafundi walitoka. Kufuli la Tejiri likabaki.

Umukoro aliingia na tochi. Alipita mapangaboi yanayoshindilia hewa, akafika chumba ambamo hewa hiyo hukutana na gesi, ikawaka, na nguvu ya moto ikazungusha jenereta. Aliita. Hapakuwa na mtu.

Alipotoka, Tejiri alikuwa akiingia getini. Akapiga goti.

"Migwo, kaka. Homa imenilaza tangu jana. Ndiyo kwanza nafika."

Umukoro aliitikia huku akilitazama kufuli. Fundi mmoja alinong'ona kwamba wote walimwona Tejiri akiingia mtamboni. Mwenzake akamtania kuwa njaa imempofusha. Hakuna aliyecheka.

Meneja alipiga simu: mji uko gizani, kufuli likatwe. Umukoro akasita. Tejiri akamshika mkono. Mkono wa mgonjwa wa homa ulikuwa baridi kama bomba.

"Washeni tu, kaka. Si niko hapa?"

Wakalikata. Mhimili ukazunguka. Gesi ikaingia. Moto ukashika.

Ndani ya ngurumo, mtu aligonga chuma. Kisha sauti ikaita, ya upole, kama ya mtu anayeomba radhi.

"Migwo, kaka. Migwo."

Umukoro alibonyeza kitufe cha kuzima. Alikuwa amechelewa.

Chuma kilipopoa, wakafungua. Hapakuwa na mfupa wala majivu. Kwenye sakafu ya chumba cha moto palikuwa na nyayo za miguu mitupu, bado zina maji. Mguu wa kulia haukuwa na kidole cha mwisho, kile ambacho jembe lilimkata Tejiri utotoni.

Umukoro aligeuka, akamwomba mdogo wake avue kiatu.

Tejiri alitabasamu, akakataa.