Fundo la Sale

“Usije. Baba ana panga.”

Anande alimwandikia mchumba wake, Elihuruma. Ujumbe ukagoma, mtandao umekata. Na Elihuruma huyo hapo getini, anatabasamu.

— Shikamoo baba.

Mzee Nathanaeli, baba yake Anande, alinyoosha panga. Alionyesha masale, mimea ya mpaka wa shamba, majani yamefungwa mafundo.

— Nani kafunga haya?

— Mimi, baba. Kamba za alama zilituishia. Hapo ndipo kampuni itachimba kutafuta gesi.

Anande akaelewa. Mchumba wake kakulia mjini, Sokon One, nani angemfundisha? Huku Meru ukifungiwa sale, mtu anakuomba msamaha. Tangu asubuhi kijiji kinaulizana: huyu wa kampuni katukosea nini?

— Vijana wanakuja, mama yake alinong'ona. Mika wa jirani yuko mbele.

— Mika si ndiye alitaka gesi? Alisema atapata ajira, mgao wa umeme utaisha.

— Alitaka. Kaona mafundo, leo kashika rungu. Watamuua, mwanangu.

Mzee hakugeuka.

— Fundo halifungwi bure, kijana. Taja kosa lako.

— Nilikuwa naweka alama tu, baba.

— Taja.

Sauti za watu zilisikika migombani. Anande akamsogelea mchumba wake.

— Eli, hao wananiogopesha. Lakini wewe unaniogopesha zaidi. Unaficha nini?

Elihuruma akapiga magoti.

— Shimo litakaa juu ya chemchemi ya mfereji wenu. Wataalamu walisema maji yanaweza kuharibika. Bosi akaniambia niseme kwenye mkutano wa kijiji kwamba hakuna shida. Nikasema. Nilitaka nije kuposa nikiwa na kazi.

Mika aliingia, anahema.

— Tupe huyo, mzee.

— Ameomba msamaha na kosa amelitaja. Mwenye sale hapigwi. Jumapili atayarudia hayo mbele ya kijiji kizima, ndipo tuamue kama tunataka hiyo gesi.

Mika alitema mate, akaondoka na wenzake. Hawakwenda mbali, walikaa barabarani.

— Watanifukuza kazi, baba.

— Watakufukuza.

— Ndiyo.

— Na binti yangu utamlisha nini?

Elihuruma alimtazama Anande, akainamisha kichwa.

— Sijui, baba.

Mzee alivuta kigoda, akakaa.

— Ukweli huo hukufundishwa na bosi. Anande, mletee mwenzio chai.

Anande akaenda jikoni. Macho yakiwa barabarani kwa akina Mika, akamimina nusu ya chai nje ya kikombe.