Barua za Mfinyanzi wa Burslem

— Thirza, weka brashi chini.

Thirza Malkin hakuinua uso. Alikuwa anamalizia jani la tatu kwenye birika la chai, na jani likiachwa katikati hukauka likawa doa.

— Ngoja nimalize, Bwana Daintry.

— Nimesema weka chini. Chumba hiki hakina kazi yako tena.

Wanawake kumi na wawili waliokuwa wakichora maua mezani wakageuka kuwatazama. Ephraim Daintry, mwenye kiwanda, alikuwa amerudi juzi tu kutoka London. Miezi saba alikaa huko akiwaonyesha matajiri vyombo vyake vya rangi ya malai, ambavyo Burslem nzima, mji wa wafinyanzi, ilikuwa ikihangaika kuviiga. Na kila mmoja mle ndani alijua kwamba kabla hajapanda farasi kwenda huko, alikuwa amemposa Thirza. Walikuwa wanangoja harusi.

Thirza akamaliza jani. Akalitua birika taratibu.

— Ndivyo ulivyoamua huko London?

— Ndivyo.

— Na huna lingine la kuniambia?

— Sina.

Akaosha brashi yake, akaifunga kwenye kitambaa, akavaa kofia na kutoka. Hakulia. Ephraim naye akashuka kwenda kwenye tanuri, akawafokea watu watatu kwa kosa ambalo hata yeye hakulijua.

Kisa ni hiki. Kule London, Ephraim alimwandikia Thirza barua kila baada ya wiki mbili tatu. Hakujibiwa hata moja. Aliporudi nyumbani, dada yake Dorcas alimtilia bia, akamkatia jibini, kisha akamwambia bila kumtazama:

— Yule binti yako msahau. Ana mtu. Shadrach Boon, yule mwenye farasi wa mizigo. Wanaoana.

Ephraim hakuuliza zaidi. Mwanamume huyu aliweza kukaa siku nne mbele ya tanuri akisubiri moto ukamilike, lakini kumwuliza mwanamke swali moja kulimshinda. Aliona heri amfukuze kabla hajaachwa mbele ya watu.

Thirza alihamia Hanley kwa shangazi yake, akapata kazi kwa mfinyanzi mwingine. Wiki sita zikapita. Maua ya vyombo vya Daintry yakaanza kufanana na kabichi, na wateja walioyapenda wakaanza kuuliza kulikoni.

Siku moja Ephraim akamkuta Shadrach Boon uani, anafunga makapu ya vyombo juu ya farasi. Akapita kama hamwoni, kisha moyo ukamchoma, akarudi.

— Shadrach. Hongera.

— Ya nini, bwana mkubwa?

— Ya ndoa. Wewe na Thirza Malkin.

Shadrach akaiachia kamba. Akamtazama kuanzia kofia mpaka buti, kisha akacheka mpaka farasi akashtuka.

— Mimi nimuoe Thirza? Mke wangu yuko nyumbani na mimba ya nne. Akikusikia, atanivunjia sufuria kichwani na mimi sijaonja hata utamu wa dhambi yenyewe. Nani kakwambia?

— Dada yangu.

Kicheko kikakatika.

— Dorcas?

— Ndiyo. Mbona unanitazama hivyo?

— Hapana, nashangaa tu. Mimi ndiye niliyekuwa nachukua barua zako posta ya Newcastle. Zile za biashara nampa karani wako. Zile za Thirza nampa dada yako mkononi, namwambia, "Hii ya Thirza, Dorcas, maana wewe husomi." Ananiambia, "Weka, nitampelekea." Na za Thirza za kwenda London naye alizipitishia kwa dada yako. Sasa ukinifanya mimi bwana harusi, sijui nikwambie nini.

Ephraim akageuka. Alipanda ngazi za jikoni polepole kama mzee.

Dorcas alikuwa anageuza chapati za unga wa oti juu ya bamba la chuma.

— Dada, barua za Thirza ziko wapi?

Akageuza ya kwanza. Akageuza na ya pili.

— Barua gani?

— Dada.

— Zimo kwenye mtungi, nyuma ya unga.

— Zote?

— Zako na zake. Nilitaka kuzichoma, nikashindwa. Ni mkono wako ule, hata kama siwezi kuusoma.

Ephraim akakaa kitini. Alikuwa amejiandaa kupiga kelele, sasa kelele zenyewe hazikuja.

— Kwa nini?

— Una miaka thelathini na sita, unaniuliza kwa nini? Baba alipokufa ulikuwa na miaka tisa. Mimi nilizungusha gurudumu la kufinyangia wewe ukiwa umelala kwenye majani ya kufungia vyombo. Yule mkulima wa Leek aliningoja miaka miwili, nikamwambia siwezi, nina mtoto wa kulea. Mtoto mwenyewe ni wewe. Akiingia Thirza, mimi natoka. Nyumba haina mabibi wawili. Niende wapi, Ephraim? Nikafagie kanisa?

— Ungeniuliza.

— Na wewe ungemuuliza yeye.

Chapati ikaanza kuungua. Hakuna aliyeigusa.

— Natoka kwenda Hanley, akasema Ephraim.

Dorcas akafungua aproni yake, akaitundika.

— Tutakwenda wote. Niliyoyafanya nitayasema kwa kinywa changu.

Walitembea saa nzima kwenye matope, yeye mbele, dada nyuma na mtungi kwapani. Shangazi yake Thirza alifungua mlango, ndoo ya maji mkononi, akawatazama, akaita ndani:

— Thirza, yule mwanamume wako aliyekufukuza yuko hapa. Nimmwagie maji au nimkaribishe?

— Mkaribishe, shangazi. Maji tumeyateka mbali.

Thirza alikuwa mezani, rangi ya bluu vidoleni. Dorcas hakungoja kukaribishwa kiti.

— Barua alikuandikia. Nilizificha mimi. Zako pia nilizificha. Nilipokuambia amepata mwanamke London, nilitunga, na yeye nilipomwambia una Shadrach, nilitunga vilevile. Hizi hapa.

Akaumimina ule mtungi mezani. Thirza akazitenga za Ephraim na zake. Kisha akavunja lakiri ya moja, akasoma kimya. Akavunja ya pili. Kwenye ya tatu akasimama katikati, akamtazama Dorcas.

— Wewe husomi, au siyo?

— Sisomi.

— Basi kaa usikilize.

Akasoma kwa sauti, bila kupamba:

"Mpenzi Thirza, London ina moshi kama kwetu, ila wa kwetu unatulisha. Leo mama mmoja wa kitajiri alishika birika lako akauliza kama mchoraji ni Mfaransa. Nikamwambia ni binti Malkin wa Burslem, na nitamuoa. Nina ombi moja tu. Tukioana, nyumba ibaki mikononi mwa dada Dorcas kama ilivyo sasa. Alinilea akaacha kuolewa kwa ajili yangu. Sitaki ajione mgeni hata siku moja mpaka tumzike. Ukikubali hilo, sina sharti jingine. Mbona hunijibu?"

Dorcas akatafuta kiti kwa mkono, akakaa.

— Soma tena hapo pa nyumba.

Thirza akasoma tena.

— Hiyo nayo niliificha?

— Uliificha.

Dorcas akajifunika uso kwa mikono yake mikavu iliyopasuka kwa udongo. Shangazi, ambaye alikuwa bado ameshika ndoo, akaiweka chini akaenda kumshika bega.

— Dada Dorcas, akasema Thirza, wewe nimeshakusamehe, maana umekuja kwa miguu yako. Na barua hii ningeijibu ndiyo, siku ileile ningeipata. Huyu ndiye bado.

Ephraim akavua kofia.

— Thirza, nilidanganywa.

— Ulidanganywa kuhusu Shadrach. Kunifukuza hukudanganywa na mtu. Nilikuwa mbele yako, hatua tatu. Ungesema, "Thirza, ni kweli?" Maneno matatu tu. Ukaona bora unidhalilishe mbele ya wanawake kumi na wawili.

— Nakuomba radhi.

— Hapa kuna shangazi na dada yako. Wale kumi na wawili hawapo.

Ephraim alimwelewa. Akamwomba aje kiwandani Jumatatu, akavaa kofia yake, yeye na Dorcas wakarudi Burslem.

Asubuhi ya Jumatatu Thirza aliingia kiwandani akasimama mlangoni mwa chumba cha kuchorea, hakuvua kofia. Ephraim alikuwa ameshasimama mbele ya meza. Alizoea kuuza vyombo kwa mabwana wakubwa bila kigugumizi, lakini siku hiyo sauti ilimtoka kwa shida.

— Wiki saba zilizopita nilimfukuza Thirza Malkin humu ndani. Hakuwa na kosa. Niliambiwa jambo, nikaliamini bila kumuuliza, kwa kiburi. Aibu ile ilikuwa yangu, nikamvisha yeye. Namwomba msamaha mbele yenu.

Mama Alcock, mkongwe kuliko wote pale mezani, hakuacha kuchora.

— Mimi nimesikia, akasema. Masikio ni mabovu lakini hilo nimelisikia. Binti, ingia basi, baridi inaingia.

Thirza akaingia, akafunga mlango.

— Tanuri linawashwa lini, Bwana Daintry?

— Alhamisi.

— Basi ndoa iwe Jumatano ya wiki ya tatu yake. Kanisani lazima watutangaze Jumapili tatu. Na Alhamisi itakayofuata harusi?

Ephraim akahesabu kwa vidole, akaona haya.

— Tanuri tena.

— Nilijua. Basi Jumatano.

Walifunga ndoa kanisa la Burslem, mvua inanyesha, Shadrach Boon akiwa shahidi pamoja na mkewe na mimba yake. Dorcas ndiye aliyepika, ndiye aliyegawa, na ndiye aliyewaambia wageni saa ya kwenda kwao imefika.

Kesho yake adhuhuri Thirza alimkuta mumewe mbele ya tanuri, jasho linamtiririka, anachungulia kwenye tundu la moto. Akampa bia. Akakaa naye juu ya gogo.

— Unawaza nini?

— Joto. Naona upande wa kushoto moto umezidi.

— Vizuri, akasema Thirza. Ungesema unaniwaza mimi, ningejua ndoa imeanza na uongo.

Ephraim akacheka, akainuka kwenda kupunguza makaa ya upande wa kushoto.