Matundu Kwenye Bati la Tae-geun

Siku Tae-geun alipoingia dukani kwa Mzee Ok, muuza mashine za kuchomelea pale Cheonggyecheon, mtaa wa maduka ya vyuma, mafundi wa meli walikuwa wamejaa wakinywa kahawa, na Ran-hui, binti wa mwenye duka, alikuwa juu ya ngazi akishusha roli za waya. Ovaroli la buluu, mikono imekunjwa, vumbi shavuni. Tae-geun akasahau alichofuata.

"Bosi, unachomelea nini?" Ran-hui akauliza.

Tae-geun alikuwa akitengeneza kofia za kuvuta moshi za migahawa ya nyama choma, za bati jembamba. Akaona haya kusema hivyo mbele ya mafundi wa meli. Akajibu kwamba anachomelea vyuma vizito, akaonyesha mashine kubwa kuliko zote. Ran-hui aliona vipande vya bati kwenye mkoba wake. Akamshauri kwa upole achukue ile ndogo, inayoshuka hadi moto mdogo kabisa na kutumia waya mwembamba, kwa sababu ile kubwa hutoboa bati.

"Dada, niuzie tu. Usinifundishe kazi."

Wanaume wakacheka. Ran-hui akainamisha uso, akamfungia mzigo.

Jioni ile Tae-geun alimpigia simu, eti anaulizia gesi ya kuchomelea. Kesho yake akaulizia tena. Haikupita muda Ran-hui akawa ndiye anayepiga.

"Mwenye mashine kubwa, umekula?"

"Nimekula, mpenzi."

"Na mashine?"

"Inakwenda vizuri sana."

Uongo mtupu. Kila bati lilitoboka, naye alizirundika kofia zile nyuma ya pazia la karakana yake huku roho ikimsuta.

Ran-hui akasisitiza mashine mpya ifanyiwe tambiko la kuiombea baraka. Akaja karakanani amevaa gauni la kijani, kabeba keki za mchele. Kichwa cha nguruwe kikawekwa mbele ya mashine, majirani wakainama, pombe ikamwagwa. Kisha jirani mmoja akasema, haya, tuone moto wake. Tae-geun hakuwa na pa kukimbilia. Bati likatoboka mbele ya wote. Ran-hui akavuta pazia.

"Zote hizi? Na kila jioni unaniambia inakwenda vizuri?" Akamgeukia. "Uliona heri kuharibu kazi yako kuliko kunisikiliza."

Akaondoka. Usiku ule simu hakupokea.

Asubuhi iliyofuata Tae-geun akaisukuma mashine kwa mkokoteni hadi dukani. Mafundi walewale walikuwepo. Aibu ilimchoma hadi masikioni, lakini akainama mpaka chini.

"Nilimdharau dada huyu hapahapa, mbele yenu. Yeye alisema kweli, mimi nikadanganya. Natengeneza kofia za moshi. Meli sijawahi hata kuigusa."

Hakuna aliyecheka.

"Na zile simu za kwanza?" Ran-hui akauliza. "Ulikuwa unaulizia gesi?"

"Gesi ninayo ya mwaka mzima. Nilikuwa nakutaka wewe."

Mzee Ok akaweka kikombe chini. Sasa ikawa zamu ya Ran-hui kuona haya.

"Umeyasema mbele ya baba," akanong'ona. "Huwezi kuyarudisha tena."

"Siyarudishi," akasema Tae-geun, na kwa mara ya kwanza akamtazama machoni.