Moshi wa Lori la Kuuza

Kila asubuhi, pale kwetu Bunju, nililiwasha lori langu kabla ya kunywa chai. Niliiacha injini ingurume mpaka ipate joto. Moshi mweusi ulitoka kwenye ekzosi, ukapita juu ya ukuta, ukaingia kwa jirani yangu Mwanakombo.

"Baba Hope," aliniita siku moja kutoka ng'ambo ya ukuta. "Nimeanika mashuka meupe. Nikianua nitakuta kaniki?"

"Anua mapema, mama Shamimu."

"Nianue mabichi? Halafu tulalie nini, magunia yako ya mchanga?"

Mwanakombo ni mwenyeji wa pwani tangu mababu zake. Mie nimetoka Bukoba. Tumekaa ukuta kwa ukuta miaka mingi, na utani wake nimeuzoea.

Sie madereva wa mchanga tuliamini moshi mweusi ni nguvu. Lori lisilotoa moshi tuliliita mgonjwa. Ukitaka kubeba mzigo mzito, unamwambia fundi aifungue pampu ili dizeli iingie kwa wingi. Lori linapanda mlima linanguruma, nyuma giza tupu. Hapo dereva anajiona dume.

Mke wangu Margareta alifariki, nikabaki na binti yetu Hope, ambaye yuko darasa la sita. Sina ndugu mwingine hapa Dar. Margareta ndiye alikuwa ananisomea karatasi. Mie shule niliiacha mapema. Kusoma najua, lakini polepole, na karatasi yenye mhuri hunitoa jasho.

Kisha kazi ikaanza kukatika. Miradi mikubwa iliweka mashine za kupima moshi getini. Lori likizidi kiwango, linageuzwa na mchanga wake. Waliotunga masharti hayo hawakuja kutuuliza. Wao wanapanda magari mapya, vioo vimepandishwa. Sie tunaletewa malori yaliyochokwa na nchi nyingine, halafu tunaulizwa kwa nini yanatoa moshi. Hata leo jambo hilo likinijia, moyo unaniwaka.

Nikaamua kuliuza. Nilitaka nifuge kuku wa mayai, nikae karibu na mwanangu.

Mnunuzi alipatikana Temeke. Anaitwa Nurdin, kijana mpole mwenye ndevu fupi. Alikuja, akaligusa bodi, akachungulia chini.

"Shikamoo mzee Revelian. Bodi naiona nzuri," alisema. "Lakini nitakwambia ukweli. Nimepata kazi kwenye mradi wa barabara. Getini wanapima moshi, hawana undugu. Likifeli, nafukuzwa mie na lori langu. Moshi wake ukoje?"

Hapo lilikuwa limezimwa.

"Wa kawaida tu," nikasema.

"Basi Jumamosi nakuja tuliwashe, nilijaribu."

Alipoondoka nilikwenda moja kwa moja kwa Mashaka, fundi wetu wa barabarani. Alikuwa amelala chini ya gari, miguu nje.

"Braza, hiyo ishu ndogo," alisema bila kutoka. "Naibana pampu. Kuna skrubu moja pale, nikiizungusha dizeli inaingia kidogo. Oili naweka nzito. Siku hiyo litatoa moshi kama wa sigara ya bibi."

"Na baadaye?"

"Baadaye ni lake. Mpe kadi ya lori mkononi, andikishianeni mbele ya mjumbe, kila mtu kwao. Likifeli huko, wewe humjui, yeye hakujui."

"Kadi ina jina langu, Mashaka."

"Kadi za nusu ya malori ya mji huu zina majina ya marehemu. Acha woga."

Nikamwachia alibane.

Lakini woga haukuniacha. Nilianza kusikia pikipiki zikisimama nje, nikadhani ni polisi. Nilimwona Nurdin mawazoni amefukuzwa getini, anarudi na askari. Nikifungwa, Hope atabaki na nani? Atapikiwa na nani? Atafungiwa mlango na nani? Kwa mtu mdogo kama mie hakuna wa kumpigia simu. Wakubwa wakikosea wanahamishwa ofisi. Sie tukikosea tunawekwa ndani.

Ijumaa nilipakia mchanga, nione lori litakwendaje. Kwenye tambarare lilikwenda. Moshi haukuonekana. Nikafika kwenye kile kilima cha kuelekea Mabwepande. Nilikanyaga mafuta mpaka mwisho. Lori lilikohoa, likapunguza mwendo, likazima.

Kisha likaanza kurudi nyuma.

Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Mchanga ulikuwa mzito, matairi yakateleza juu ya changarawe. Kwenye kioo niliwaona wanawake wawili wenye ndoo za maji kichwani. Hawakuwa wameliona. Nilibonyeza honi na kulia pamoja nayo. Waliruka mtaroni, ndoo zikamwagika. Lori lilipiga jiwe kubwa la pembeni, likasimama.

Wale wanawake walikuja mlangoni kwangu. Nilidhani watanipiga.

"Baba, una mzigo wa kuua watu," mmoja alisema taratibu. Nguo zake zilikuwa zimelowa. "Una watoto wewe?"

"Nina mmoja."

"Basi nenda kaushushe."

Nilishusha mchanga palepale. Nikarudi nyumbani na lori tupu. Nilifika, nikazima, nikashindwa kushuka.

Shamimu, binti wa Mwanakombo, alikuwa anarudi kazini. Amesomea ufundi wa magari chuoni, na anafanya kazi kwenye gereji ya pampu na nozo, zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini. Alisimama chini ya dirisha la lori.

"Shikamoo, baba Hope."

"Marahaba."

"Mbona umekaa kama umefiwa tena?"

Nilibaki nimeshika usukani.

"Nimesikia ukija," alisema. "Hiyo si sauti ya lori lako. Linanguruma kama mtu aliyezibwa pua. Nani ameibana pampu?"

Nikashuka, nikamweleza yote. Mnunuzi, Mashaka, kilima, wale wanawake. Hope alikuwa amesimama mlangoni. Sikumwona.

Shamimu alifunua injini. Alinionyesha skrubu. Rangi yake ilikuwa imekwanguliwa upya.

"Sikiliza, baba Hope. Dizeli inaungua kwa hewa. Dizeli ikiwa nyingi na hewa ikiwa kidogo, haiungui yote. Ile isiyoungua ndiyo masizi meusi unayoyaona. Kwa hiyo moshi mweusi siyo nguvu. Ni dizeli yako unaimwaga angani."

"Madereva wote wanasema ni nguvu."

"Madereva wote wanapewa dizeli ya bure kumbe."

Nusura nicheke.

"Na mashuka ya mama ni kitu kidogo," aliendelea. "Masizi hayo yanaingia kifuani. Kwa Hope, kwangu, kwako wewe unayekaa juu yake kutwa."

"Mbona wenye sheria hawakusema hivyo? Wao wanajua kutufukuza tu getini."

"Hata mie wenye sheria wananiudhi. Wangekuja kufundisha kwanza, ndipo wapime. Lakini baba Hope, moshi huu hauendi kwao. Wao wana viyoyozi. Unabaki hapa Bunju, na sie."

Niligeuka nikautazama ukuta wa mama yake.

"Sasa fundi wako amefanya nini?" aliuliza, kisha akajijibu. "Amelinyima lori chakula ili lisicheue. Nozo bado mbovu, hewa bado haipiti. Likiwa tupu, litampendeza mnunuzi. Likibebeshwa, linazima mlimani kama leo. Nurdin ataifungua pampu mwenyewe, na moshi wote utarudi."

"Sasa nifanye nini? Mtu anakuja kesho."

"Mwambie ukweli."

"Ataondoka."

"Anaweza kuondoka," Shamimu alisema. "Lakini ukimficha kwa makusudi, anaweza kukushtaki. Na kadi ukimpa mkononi tu, lori bado ni lako kwa serikali. Likigonga mtu kule Mbagala, wa kwanza kutafutwa ni mwenye jina. Wewe."

Hapo nikasikia sauti ya Hope mlangoni.

"Baba, watakuja kukuchukua?"

Hakuwa analia. Alikuwa ameshika fremu ya mlango tu. Sikuweza kumwambia hapana, maana sikuwa na hakika.

Jumamosi Nurdin alifika. Nilimkaribisha akae, nikabaki nimesimama.

"Nurdin, juzi nilikwambia moshi wa kawaida. Siyo kweli. Lori linatoa moshi mwingi. Fundi ameibana pampu ili wewe usiuone. Jana limezima mlimani na mzigo, nusura liue watu."

Nilisubiri matusi. Nilisubiri achukue simu.

"Kwa nini unaniambia?" aliuliza mwisho.

"Naogopa. Nina mtoto mmoja na hana mtu mwingine ila mie."

Nurdin alijikuna ndevu.

"Mzee, ungeniuzia, ningekulaani mpaka vitukuu," alisema. "Sasa niambie, linatengenezeka?"

Nikamwita Shamimu. Alikuja na kanga begani, maana alikuwa anafua.

"Silijui mpaka nilipime," alisema. "Lingekuwa na moshi wa bluu ningekwambia usihangaike, hiyo ni oili inaungua, ringi zimekwisha, injini inataka kufumuliwa. Lakini nililiona kabla halijabanwa. Moshi wake ni mweusi. Mweusi mara nyingi ni hewa, nozo na pampu. Lileteni gereji. Kama halifai, nitasema halifai."

"Hata kama huyu ni jirani yako?" Nurdin aliuliza.

"Moshi wake nimeuvuta tangu nina miaka kumi. Nimpendelee kwa lipi?"

Jumatatu tulikwenda wote watatu. Kwanza mafundi walimwaga ile oili nzito, wakaweka inayotakiwa. Wakafungua kichujio cha hewa. Kilikuwa kimejaa vumbi la mchanga, kigumu kama kitumbua cha jana. Nozo waliziweka kwenye mashine. Nozo nzima inapuliza dizeli kama ukungu. Za kwangu mbili zilikuwa zinadondosha matone. Pampu waliishusha, wakaipima, wakairudisha kwenye kipimo chake cha kiwandani. Wala siyo kufungua, wala siyo kubana.

"Na dizeli unanunua wapi?" Shamimu aliuliza.

"Ya madumu, barabarani."

"Iache. Ina maji na uchafu. Ndiyo imekula nozo zako."

Kisha wakapima moshi. Waliingiza bomba la mashine kwenye ekzosi. Gia haikuwekwa. Kijana wa gereji alikanyaga mafuta mpaka mwisho, akaachia, akakanyaga tena. Mie nilitoka nje. Sikutaka kuona. Nilisimama kando ya geti na kusali kwa Kihaya, lugha ambayo huitumia nikizidiwa.

Shamimu alinifuata.

"Limepita," alisema. "Limepita chupuchupu, siyo kwa kifua mbele. Kichujio kikizibwa tena, litafeli. Nurdin nimemwambia hivyohivyo."

Nurdin alikubali kulichukua. Gharama ya nozo aliikata kwenye bei, nami sikubisha. Mzigo aliahidi kubeba ule ulioandikwa kwenye lori, siyo wa tamaa.

Funguo sikumpa siku hiyo. Tulikwenda kwanza kwa wakili, pamoja na Hope, tukaandika mkataba. Hope alinisomea kila mstari kabla sijasaini, na matokeo ya kipimo tuliyaambatanisha. Kisha tukaenda TRA, ofisi ya kodi, kubadilisha umiliki. Foleni ilikuwa ndefu, na aliyekuwa dirishani alitusemesha kama watu waliokuja kuomba. Nilivumilia. Kadi ilipotoka na jina la Nurdin, ndipo nikampa funguo.

Lakini bado niliogopa. Mashine ya gereji imesema limepita. Ya getini je? Wale watu nawajua. Wakitaka kukukataa hawakosi sababu. Nurdin aliniambia lori litaingia mradini Alhamisi. Alhamisi hiyo sikula. Niliwapa kuku wangu wapya maji mara mbili nikasahau chakula.

Simu iliita Hope akiwa amekaa karibu nami na daftari lake la hesabu. Jina lilikuwa la Nurdin. Niliiacha iite. Hope akaniangalia, nikaipokea.

"Mzee Revelian," Nurdin alisema. Nyuma yake nilisikia injini nyingi. "Nipo getini. Wamepima."

"Ehe."

"Mbele yangu wamegeuza malori mawili. Langu nalo wamelipima, wakarudia tena."

"Ehe."

"Limepita. Wameangalia kadi, wameangalia kitambulisho changu, wamenifungulia. Nimesema nikwambie kabla sijaingia."

Nilimshukuru. Nadhani nilimshukuru. Simu niliiweka chini kwa mikono miwili.

Wewe unayesoma, kama una lori la zamani la kuuza, usilibane pampu. Lipeleke likapimwe, sema kasoro yake, badilisha umiliki kabla ya kutoa funguo. Waliotunga masharti hawatakuja kukufundisha. Mie wamenifundisha majirani.

Hope alikuwa bado ananitazama, kalamu imesimama.

"Baba, wanakuja?"

"Hapana," nilimwambia. Safari hii nilikuwa na hakika. "Hakuna anayekuja. Maliza hesabu zako tule."